Presha 148/94, kutwa niko kwenye cherehani, nianzie wapi?

Fundi_Mbagala
Wakuu habari zenu. Juzi nimepima presha zahanati nikakuta 148 kwa 94, nesi akanipumzisha akapima tena ikawa vilevile, akasema dawa bado, nipunguze chumvi nirudi baada ya wiki mbili. Nina miaka 38, asubuhi ni chapati mbili na supu hapo jirani, mchana wali maharage, usiku nikichoka nanunua chips, na nikiinamia cherehani pumzi zinakuwa fupi fupi, jioni kichwa kinagonga. Naombeni vitu vidogo vya kila siku, gym hela sina na muda pia sina.

mama_jikoni
Pole sana mdogo wangu. Anza na hiyo supu, mimi nimeuza supu miaka 12 najua ninachosema, chumvi inatiwa jikoni, cube zinatiwa, halafu mteja hata hajaonja anashika kikopo cha mezani ananyunyiza tena. WHO wanasema mtu mzima abaki chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa milo yote. Supu usiache ila kikopo usikiguse, kamua ndimu weka na pilipili, siku za mwanzo utaona imepooza baadaye ulimi unazoea. Maharage endelea nayo, ongeza mchicha au matembele, ndizi badala ya soda, na ugali ukiweza uwe wa dona.

pumzi_taratibu
Mimi presha ilinikamata 2019 na hii nafanya kila siku: kaa wima, mkono tumboni, vuta hewa kwa pua ukihesabu 4, toa taratibu ukihesabu 6, tumbo ndio lipande na kushuka, mabega yatulie. Zinakuwa pumzi 6 kwa dakika, kawaida mtu anavuta 12 mpaka 20. Dakika 5 kabla hujaanza kushona na 5 kabla ya kulala, ukisikia kizunguzungu acha. Haichukui nafasi ya dawa lakini, zangu nameza kama kawaida. Halafu mkuu, pasi yako ya umeme au ya mkaa?

Fundi_Mbagala
Ya mkaa, umeme unakatika katika. Inakaa chini karibu na miguu, mlango naurudishia kwa sababu ya vumbi.

pumzi_taratibu
Basi anza na hiyo leo leo! Mkaa unatoa kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na hicho kichwa cha jioni inawezekana kabisa kinatoka hapo. Meza ya kunyooshea itoe kibarazani, pasi isilale ndani.

nesi_wa_zamu
Nyongeza, siku ya kupima tulia dakika 5 kwanza na kahawa usinywe nusu saa kabla. Ila kifua kikibana au upande mmoja ukiishiwa nguvu wahi hospitali, usisubiri hizo wiki mbili.

Fundi_Mbagala
Asanteni sana. Jana nimenyoosha sare 14 nje, jioni kichwa hakijauma. Supu ya ndimu bado inanipa tabu ila kikopo sijagusa. Nikitoka zahanati naleta vipimo hapa.