Mwezi wa nne wa fildi ya mwaka mzima: nimekosea stendadi na sijamwambia mtu. Nifanyeje?

Bika_Tupu

Wakuu, habari zenu. Nasoma kemia, na chuo chetu kinatupeleka kazini miezi 12 kabla ya kurudi kumalizia mwaka wa mwisho. Mimi niliangukia maabara inayopima maji. Huu ni mwezi wa nne.

Miezi miwili ya mwanzo nilikuwa naosha vyombo. Sitanii. Flaski unaziloweka kwenye asidi ya nitriki iliyozimuliwa, zinalala humo usiku kucha, asubuhi unazisuuza na kuzianika, watu wanazitumia, unaanza upya. Nikawa najiuliza zile hesabu zote za thamodainamiki nilizikeshea za nini. Mwezi wa tatu ndipo msimamizi akaniambia nitengeneze stendadi ya shaba, yaani myeyusho wenye kiasi cha shaba kinachojulikana, miligramu 1000 kwa lita, ile wanayozimua kupimia sampuli kwenye AAS, mashine ya kupimia metali. Siku hiyo nilitembea kifua mbele.

Nikatafuta masi ya salfeti ya shaba, nikaona 159.6. Nikapiga hesabu, nikapima gramu 2.51, nikajaza maji hadi alama ya lita moja. Lebo nikaiandika kwa mwandiko wangu wa sikukuu. Mstari wa kalibresheni, ule wa kulinganisha usomaji wa mashine na kiasi cha stendadi, ukanyooka, R mraba 0.999 (1 ndiyo mstari mnyoofu kabisa), na sampuli ya udhibiti, ile ya kuhakiki kipimo, ikapita. Msimamizi akanipigapiga begani.

Wiki tatu baadaye, yaani wiki iliyopita, nasuuza bika zangu, macho yakatua kwenye kopo la ile chumvi. Fuwele za buluu. Ile kavu, yenye masi ya 159.6, ni nyeupe jamani! Ya buluu imebeba molekuli tano za maji, masi yake ni 249.7, na nilitakiwa kupima gramu 3.93. Hili nilifundishwa sekondari, tena tulizipasha moto zile fuwele kwa mikono yetu mpaka zikapauka.

Sijamwambia mtu. Usingizi sipati. Msimamizi si mkali, ila kazi zimemzidi, ukimfuata anakujibu huku macho yameganda kwenye kompyuta. Chupa imebaki robo. Ikiisha itatengenezwa nyingine na mambo yataisha yenyewe. Au nijifanye mgonjwa nirudi chuo? Naombeni ushauri, matusi hapana.

Kichwa_Mchungu

Kaza moyo, chupa iishe. Nani atajua? Mimi kwenye fildi yangu nilivunja pipeti tatu na bado nilifaulu.

MzeeWaMizani

Mdogo wangu, huyo wa juu mwache. Pipeti ikivunjika, hasara inaishia kwenye pipeti. Nimekaa maabara zaidi ya miaka 20, acha nikumalizie hesabu ambayo naona umeikwepa.

159.6 gawanya kwa 249.7 unapata kama 0.64. Chupa yako imeandikwa 1000, ndani mna 640 hivi. Mashine haina macho ya kuona buluu, inaamini lebo. Kwa hiyo kila sampuli iliyopimwa kwa stendadi hiyo imesomeka juu kwa asilimia 56 hivi. Maji yenye miligramu 1.4 kwa lita yametoka na 2.2. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa shaba kwenye maji ya kunywa ni miligramu 2 kwa lita. Umeona inapoelekea? Inawezekana kuna mtu kaambiwa maji yake yamezidi kiwango, na hayajazidi.

Na hiyo 0.999 isikupumbaze. Mstari ukinyooka, ujue umezimua kwa mkono mzuri, basi. Ukizimua vizuri kitu kilichokosewa, mstari unanyooka vilevile. Nina swali moja: hiyo sampuli ya udhibiti iliyopita, uliitoa chupa gani?

Bika_Tupu

Shikamoo mzee. Niliitoa chupa hiyohiyo. Ndivyo nilivyoelekezwa.

MzeeWaMizani

Marahaba. Hapo sasa kosa lina wenyewe zaidi ya mmoja. Sampuli ya udhibiti itoke chanzo kingine, kopo jingine, ikiwezekana mtengenezaji mwingine kabisa. Ikitoka chupa ileile, ni mshtakiwa anajitolea ushahidi mwenyewe. Utaratibu wao una tundu na wewe umetumbukia ndani yake.

Kaongee naye kesho asubuhi. Nenda na daftari, kopo la chumvi na hesabu iliyorekebishwa. Chupa usiimwage, iandike isitumike na uiweke pembeni, kwa sababu itahitajika kupimwa ijulikane ina kiasi gani hasa. Daftarini ukurasa wa siku ile usiuchane wala kuufuta. Kata kwa mstari mmoja unaoacha maneno yasomeke, andika sahihi pembeni, tarehe ya leo, saini. Ukianza kufuta, umetoka kwenye kukosea umeingia kwenye kughushi, na hilo sitakusaidia.

Dada_Sentrifuji

Mzee kasema vizuri, ila anaongea kama mtu mwenye ajira yake. Mdogo wetu hapa anapewa alama na huyohuyo anayekwenda kumkiri. Kwa hiyo mimi naongeza: usimvizie kwenye korido. Mwandikie ujumbe mfupi umwombe dakika 15 kuhusu stendadi ya shaba ya tarehe fulani. Maandishi yatabaki, na atakaa chini akusikilize. Ukitoka hapo, mjulishe na msimamizi wako wa chuo siku hiyohiyo, asije akasikia toleo la mtu mwingine.

Halafu hilo la kuosha vyombo. Umewahi kumuuliza mtu kwa nini ni asidi ya nitriki na si sabuni? Inang'oa metali zilizojishika kwenye kuta za chombo. Ukipima vitu vya mikrogramu, kuosha ndiyo nusu ya kipimo. Mimi kwenye mwaka wangu blanki ilikuwa inasoma zinki kila siku, maji tu, hayana kitu, yanasoma zinki. Tulibadilisha asidi, tukabadilisha maji, tukailaumu mashine. Wiki mbili! Kumbe zinki ilikuwa inatoka kwenye glavu nilizovaa. Sikuwahi kufundishwa hilo darasani, na sijui ningelifundishwa wapi.

Kuacha usiache. Lakini usikae kusubiri kazi zikufuate pia. Miezi minane bado ni mingi, omba kupangiwa mashine moja uijue mpaka kuifungua na kuifunga.

Kichwa_Mchungu

Haya nimenyamaza. Ila mrututu jamani, si ndiyo hiyo salfeti ya shaba ya buluu! Hata bibi yangu aliujua rangi yake, na shule hakwenda.

Bika_Tupu

Wakuu, nimerudi. Kichwa_Mchungu, umeniua.

Nilimwandikia kama dada alivyosema, akaniita saa hiyohiyo. Nikaweka kopo mezani, nikafungua daftari. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akafungua orodha ya majibu. Sampuli 41 zimepita kwenye stendadi yangu. Nyingi zilikuwa na shaba kidogo sana, hata ukirekebisha hakuna kinachobadilika upande wa kiwango. Mbili ndizo zilivushwa mstari na kosa langu. Bahati nzuri chupa za sampuli zilikuwa bado zipo, zimetiwa asidi tangu zilipopokelewa, kwa hiyo metali haijapotea. Tumezipima upya kwa stendadi nyingine, zote mbili ziko chini ya 2. Wateja wametumiwa ripoti mpya.

Kuhusu sampuli ya udhibiti hakubisha. Amesema itaagizwa ya mtengenezaji mwingine, na kila lebo ya stendadi itasomwa na watu wawili pamoja na kopo lenyewe.

Kilichoniuma ni alivyomalizia. Aliniambia, "Zile wiki tatu nazielewa, hukujua. Hii wiki moja ndiyo siielewi." Sikuwa na jibu. Kama ataliandika kwenye tathmini yangu sijui, na sikuthubutu kuuliza.

Sasa ameniagiza niandike mimi mwenyewe ripoti ya hitilafu: nini kilitokea, kwa nini, na kimerekebishwaje. Ukurasa mmoja. Nimekaa nao tangu jana jioni. Mzee, naanzia wapi?

MzeeWaMizani

Anza na tarehe ulizonazo, moja baada ya nyingine: uliyotengeneza, uliyogundua, uliyosema. Usizipambe. Kati ya ya pili na ya tatu kutakuwa na pengo la siku kadhaa, na vidole vitakuwasha kuliruka. Liandike.