Fundi kaunga boila yangu ya kuni na bomba la mtaa bila kinga, maji ya kutu yametoka kwa jirani!

Wakuu, nina hasira na tangu juzi silali vizuri.

Nina gesti ndogo huku Nyegezi, Mwanza. Wageni wanashuka stendi usiku wanataka maji ya moto, kwa hiyo uani nina boila ya kuni. Maji ya kuoga yanapita kwenye koili tu, yaani bomba lililozungushwa. Koili yenyewe imezama kwenye maji mengine yanayozunguka chumba cha moto, na hayo yana dawa ya kuzuia kutu, si ya kunywa mtu. Juu kuna bomba la kupumulia, liko wazi muda wote, ndiyo maana maji yanapungua na kijana wangu alikuwa anaongeza kwa ndoo.

Nikaita fundi aniwekee mfumo wa kujaza wenyewe. Laki mbili na nusu! Akachukua boya la plastiki la tanki la choo, akalitumbukiza kwenye maji ya moto, mdomo wa bomba nao ukazama humohumo, akaunga na laini ya mtaa. Valvu ya kuzuia maji kurudi hakuweka. Nilipouliza akanijibu, "Bosi, bomba lina presha, yatarudije?"

Huku tuna mgao jamani! Juzi jioni maji yakakatika, moto unawaka. Laini ya mtaa ilipobaki tupu ikavuta yaliyomo kwenye boila, yakateremka. Mama jirani wa bondeni akaja getini na jagi: "Baba, hebu ona, bomba langu linatoa maji ya vuguvugu." Yalikuwa na rangi ya chai, juu yana utando. Ana mtoto wa miezi minane, na alikuwa ameshakinga ndoo ya kupikia uji. Ingekuwaje asingetazama?

Saa sita usiku maji yakarudi. Boila ilikuwa karibu tupu, chuma kimeiva, maji ya baridi yakaingia kwa kasi. Ulisikika mlio kama bati linachanwa, mvuke ukafoka hadi usawa wa paa. Lita moja ya maji ikiwa mvuke inataka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Lile bomba la juu lingekuwa limezibwa, leo tungekuwa msibani. Sehemu iliyochomelewa imepasuka, naweza kupitisha ukucha.

Fundi wa pili, mtu mzima anayejua kazi, alishangaa kukuta kidhibiti joto kimewekwa nyuzi 95. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi! Kumbe ndoo zote zile zilikuwa zinaishia hewani. Kashusha hadi 80. Anasema boya likae kwenye kitanki kidogo cha maji baridi juu ya boila, bomba la mtaa limwage kutoka juu bila kugusa maji, na iwepo mita ndogo ya kupima maji yanayoingia, maana boila inayojijaza yenyewe inaweza kuvuja miezi mtu asijue.

Yule wa kwanza hapokei simu. Jirani nimemnunulia maji ya dukani na kumwomba radhi mbele ya mumewe. Kile kipande cha bomba nimekikata kwa msumeno, kiko mapokezi na boya lake lililopinda. Aje akichukue, na pesa yangu aje nayo.