Trela ya ng'ombe: alumini yote, fremu ya chuma, au chuma cha zinki?

Mswaga: Wakuu, natafuta trela ya kubebea ng'ombe wanne kwa safari. Nimebaki na tatu: alumini tupu, fremu ya chuma yenye kuta za alumini, na chuma kilichopakwa zinki. Nataka itakayodumu.

Gurudumu: Alumini tupu. Kwa ujazo uleule ina uzito wa kama theluthi ya chuma. Trela nzima haipungui kiasi hicho, maana boriti hufanywa nene zaidi na ekseli hubaki za chuma, lakini kila kilo inayopungua unaihamishia kwenye mzigo. Ng'ombe wanne wa kilo 500 ni tani 2 tayari.

Fundi_Cheche: Msimpambie mwenzenu. Alumini haipati kutu nyekundu, ila huchoka. Ikitikiswa miaka na miaka hupasuka, na ufa hupenda kuanzia kando ya mshono, kwa kuwa joto la kuchomelea hulegeza alumini pale. Kuichomelea tena kunataka mashine yake, gesi ya agoni na fundi anayeijua. Chuma kinachomelewa popote.

Gurudumu: Na chuma kinaozea popote, mkuu. Zinki ikishakwanguliwa na kwato, mkojo unamaliza kazi.

Mama_Ndama: Mimi ningeikwepa hiyo ya mchanganyiko. Alumini ikigusana na chuma penye unyevu na chumvi, inayoliwa ni alumini, na mkojo wa ng'ombe una vyote viwili. Ukiinunua, hakikisha kuna mpira au plastiki katikati, hadi kwenye bolti.

Ila mnabishania kuta wakati trela hufia sakafuni! Ingia chini na tochi, tazama boriti zimekaribiana kiasi gani. Sakafu ya vipande vinene vilivyopachikana huhimili kwato kuliko bati jembamba. Bati la vinundu likilowa huteleza, kwa hiyo weka mikeka ya mpira, lakini iwe ya kuinulika: samadi ikikaa chini yake hula hata alumini. Osha kila unaposhusha.

Mswaga: Njia zangu ni za mawe, nusu ya mwendo.

Fundi_Cheche: Basi chukua ya zinki, iliyochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa ikiwa imeshaundwa, si ya kupuliziwa rangi.

Mama_Ndama: Kwa mawe hapo nakubaliana naye, mradi uoshe.

Mswaga: Ekseli moja inatosha?

Gurudumu: Mbili. Kwa tani hizo, tairi moja ikipasuka uwe bado na lingine upande ule.