Betri ya Palm ikikata kabisa, vilivyomo hufutika? Naombeni majibu kabla ya Ijumaa

Kitasa Kibovu (mleta uzi)
Wakuu, salamu. Swali dogo tu. Ni kweli kwamba Palm za zamani, zile kompyuta ndogo za mkononi, betri ikikata, kila kitu kinafutika: namba, kalenda, madokezo? Nilisoma mahali kwamba ndivyo zilivyo. Naomba anayezijua athibitishe, na aeleze kwa namna ambayo mtu mzima asiyependa porojo ataridhika. Nawasilisha.

Mzee wa Kalamu
Kweli tupu. Pilot, Palm ya kwanza, ya 1996 ilikuwa na KB 128, faili zote zinakaa kwenye RAM, kumbukumbu inayotaka umeme muda wote. Umeme ukikatika, kwaheri. Ilitumia betri mbili za AAA, na wakati wa kuzibadilisha ulikuwa na kama dakika moja tu kabla haijasahau mpaka jina lako. Mimi betri moja ilinidondoka ikabingirika chini ya kabati. Nilipoipata, nilikuwa namiliki kifaa kipya kabisa.

Bi Mpole
Afadhali wewe. Mimi nilikuwa na Psion Series 3a, kompyuta ya mfukoni ya kampuni nyingine, yenye kadi za flashi. Hizo hazikuhitaji umeme kutunza faili, ila ukifuta faili nafasi hairudi! Inabaki imekaliwa hadi ufomati kadi nzima. Flashi ndivyo ilivyo, haifutwi kipande kidogo kidogo, hufutwa bloku nzima kwa mpigo. Nilikuwa nikirekebisha barua ileile kila siku, kadi ikajaa matoleo ya barua moja. Na barua yenyewe sikuituma.

Kitasa Kibovu
Asanteni sana. Kwa hiyo tunakubaliana kwamba ni betri. Uzi unaweza kufungwa.

Fundi Nusu
Usifunge. Palm gani?

Kitasa Kibovu
Ya kawaida tu mkuu, yenye vitufe vya herufi. Betri yake haitoki.

Fundi Nusu
Hiyo ni Treo, Palm iliyo simu pia. 600 au 650? Usinijibu "ya kawaida".

Kitasa Kibovu
650. Kwani kuna tofauti?

Fundi Nusu
Tofauti ndiyo hiyohiyo unayoiuliza. 600 ya 2003 inatunza faili kwenye RAM kama alivyosema Mzee. 650 ilitoka 2004 na mfumo ulioitwa NVFS: faili zinakaa kwenye flashi, RAM inabaki sehemu ya kufanyia kazi tu. Betri ikae imekufa mwezi mzima, ukichaji unakuta namba zako. Lawama yake ilikuwa nyingine kabisa. Mwanzoni kila rekodi, hata iwe na maneno matatu, ilikalia bloku ya baiti 512, kwa hiyo watu waliohama kutoka 600 walikuta vitu vyao havienei. Kampuni ikaishia kugawa bure kadi za SD za MB 128. Kwa hiyo betri haihusiki. Nani ameifuta?

Kitasa Kibovu
Lakini haiwezi kutokea hata mara mojamoja?

Fundi Nusu
Nimeuliza nani ameifuta.

Kitasa Kibovu
Sawa. Ni ya kaka yangu mkubwa. Ameiweka miaka yote kwa sababu ya madokezo yake. Aliniachia niichaji tu. Ikaganda, nikasoma namna ya kuigandua, nikashikilia kitufe cha kuzimia huku nikiireseti, ikaleta onyo, nikakubali. Sikusoma onyo. Na kabla hamjanirukia, jana nilishamwambia kwenye simu kwamba ni betri, akasema "aah, basi". Amekubali. Mnataka nimrudie nimuumize upya kwa ajili gani?

Bi Mpole
Mdogo wangu, onyo lile linaandikwa kwa lugha kadhaa kwa mpigo. Ulikosa hata moja ya kusoma?

Mtoto wa Shangazi
Ng'oa chipu, isome moja kwa moja. Nishawahi kuona mtu akifanya.

Mzee wa Kalamu
Uliona akifanya, au uliona akifanikiwa?

Ngoja Kwanza
Naona chai hapa. Mleta uzi kasema betri haitoki. Betri ya 650 inatoka, unafungua kifuniko cha nyuma tu. Isiyotoka ni ya 600. Huyu hajawahi kuishika hiyo simu, katunga ili tumpe stori zetu. Picha iko wapi?

Mtoto wa Shangazi
Nilijua! Na mimi nilikuwa nimeanza kumwonea huruma kaka mtu.

Kitasa Kibovu
Siyo chai. Nilijua inatoka. Nilikuwa nimesoma habari za 600 na nikaona maelezo yake yananifaa zaidi, ndiyo maana nikaandika hivyo. Mnisamehe.

Ngoja Kwanza
Yaani umedanganya hadi jukwaa ili upate ushahidi wa uongo wa nyumbani. Nimeondoa neno chai. Hii ni mbaya zaidi.

Fundi Nusu
Tuache hayo. Kaka yako alikuwa anaiunganisha na kompyuta? Kama kuna Palm Desktop, programu ya Palm ya kwenye kompyuta, madokezo yapo mle. Iunganishe, ikiuliza mtumiaji chagua jina lake, HotSync, yaani kule kulinganisha simu na kompyuta, itarudisha vitu vyote hadi siku aliyounganisha mara ya mwisho. Usifungue jina jipya.

Kitasa Kibovu
IPO! Kompyuta yake ya zamani iko chumbani kwake, waya bado umechomekwa. Fundi, Mungu akubariki. Naanza sasa hivi, Ijumaa akija anakuta kila kitu, na mimi namwambia betri imepona.

Bi Mpole
Betri imepona?

Kitasa Kibovu
Imekubali! Madokezo yanarudi. Swali la mwisho: hii HotSync inaandika popote siku na saa iliyofanyika?

Fundi Nusu
Inaandika. Kwenye simu na kwenye kompyuta.