Tuzamishe boti kuukuu kando ya kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, ili wazamiaji waje?

Mutoto wa Ndendere (Bukavu): Hoja yangu fupi. Zanzibar wageni wanalipa dola kushuka kutazama Great Northern, meli ya kutandaza nyaya iliyozama pale 1902. Vyuma na samaki, basi. Sisi maboti ya chuma yanaozea bandarini. Tuchukue moja, tulilaze mita 20 upande wa Idjwi, mgeni ashuke saa nzima atazame. Nani anakataa? Na watu wa Goma msituletee ile hadithi yenu ya gesi. Ni woga tu.

Yaya wa Himbi (Goma): Woga? Gesi nyingi ya Kivu imeyeyuka huko chini kupita mita 260. Mzamiaji wa mita 20 hakutani nayo, na hapa Goma hata mtoto anajua. Wewe ndiye hulijui ziwa lako. Kingo zetu nyingi zinateremka kama paa la nyumba. Laza chuma juu ya mteremko bila minyororo ya mbele na nyuma, kitateleza hadi pasipofikika. Na kabla ya kuzamisha: toa mazutu na oili yote kwenye tangi na injini, ng'oa milango, kamba, nyaya na vioo, kisha kata matundu ili kila chumba kiwe na njia mbili za kutokea. Hiyo kazi nani atalipa?

Katuba 243 (Lubumbashi): Mnagombana bure. Wabelgiji walizamisha meli ya Liemba Ziwa Tanganyika 1916, ikatolewa, ikafanya kazi miaka na miaka. Na mambo ya kuzamia, jedwali la Zanzibar la muda wa kukaa chini linatosha popote. Maji ni maji.

Papa Nahodha (Bukavu): Wabelgiji?! Mwanangu, Wajerumani waliizamisha wenyewe, Julai 1916, karibu na Kigoma, ikiitwa Graf von Götzen. Injini walizipaka grisi nzito kwanza, ndiyo maana zilipona. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena mikononi mwao. Waingereza ndio walioitoa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Tuheshimu historia.

Katuba 243: Sawa muzee, Wajerumani. Lakini Wabelgiji waliizamisha pia, umesema mwenyewe.

Papa Nahodha: Kuzamiwa na meli si kuizamisha!

Fundi Kompresa (Goma): Acheni Liemba. "Maji ni maji" ndiyo sentensi inayopoozesha watu. Kivu iko karibu mita 1,460 juu ya bahari, mgandamizo wa hewa juu ya maji ni kama 0.85 ya ule wa pwani. Kwa hiyo mita 18 za hapa zihesabu kama 21, usome mstari wa 22. Kwenye jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, mwisho wa kukaa chini, dakika 56, unakuwa 37. Kituo cha kusubiri cha mita 5 kabla ya kutoka kinakuwa mita 4 na kidogo. Mgeni aliyepanda leo kutoka pwani asubiri masaa 6 kwanza. Na hiyo "saa nzima" ya Mutoto wa Ndendere: mtungi wa lita 12 kwa mgandamizo wa bar 200, ukiacha 50 za akiba, mtu anayevuta lita 20 kwa dakika anaumaliza kwa dakika 30 hivi akiwa mita 20. Akiingia ndani ya boti, theluthi moja ya hewa kwenda, moja kurudi, moja haiguswi.

Mutoto wa Ndendere: Fundi, mahesabu mazuri, ila usinifanye mjinga. Mimi mpango ninao: asubuhi mbizi, mchana ngagi (gorila) wa mbuga ya Kahuzi. Wageni wanapenda.

Fundi Kompresa: Tshivanga, pa kuingilia Kahuzi, inapita mita 2,000. Umtoe mtu majini na naitrojeni ya hewa ya mtungi bado mwilini, umpandishe mlima mchana uleule, igeuke mapovu ya kumpoozesha? Ngagi siku ya kwanza, mbizi ya mwisho. Geuza.

Katuba 243: Kwani muhangaike kuzamisha? Tumieni zilizozama tayari. Boti Merdi si iko pale?

Yaya wa Himbi: Futa hilo. Oktoba 3, 2024 watu walitoka Minova wakazama na Merdi wakiiona bandari ya Kituku, hapa Goma. Hapo si mahali pa picha.

Katuba 243: Nimekosa, yaya. Pole.

Yaya wa Himbi: Fundi, kompresa ya kujaza mitungi ingekaa wapi? Kwangu Himbi kuna kiwanja cha chini, karibu na maji, bei nzuri.

Fundi Kompresa: Cha chini ndiyo hapana! Umesahau mazuku, ile gesi ya CO2 inayotoka ardhini? CO2 ni nzito kuliko hewa, inalala mabondeni, kompresa itaivuta moja kwa moja. Asilimia 1 mtungini inakupiga kama karibu 3 ukiwa mita 20: kichwa, pumzi juu juu, halafu hofu. Makaa ya filta yanaondoa harufu ya oili, CO2 hayaiondoi.

Yaya wa Himbi: Kwa hiyo kiwanja changu ni kibaya? Miaka yote tunaishi hapo.

Fundi Kompresa: Sijasema nyumba, nimesema kompresa. Weka juu, bomba la kuvutia hewa lipande mita 3 au zaidi, upande upepo unakotokea, mbali na moshi wa injini. Pima CO2 alfajiri kukiwa hakuna upepo, si saa sita mchana.

Mutoto wa Ndendere: Bukavu hatuna mazuku. Kompresa ije huku.

Yaya wa Himbi: Nilijua tu utafika hapo.