Tupeane uzoefu: oili ya gia boksi kwenye pikapu ya oto, wewe unapimaje?

Karanga za Mpwapwa:
Mbukwenyi wakuu. Wenye pikapu za oto tukutane hapa maana wengi tumetoka kwenye manyuo (gari za gia za mkono) na tunapima gia boksi kama tunavyopima oili ya injini, mimi hiyo imenigharimu.

Yangu ni dabo kebini, napigia mizigo Mpwapwa na Kongwa. Mwaka jana mwezi wa 6 nimebeba magunia ya karanga, nafika kwenye mwinuko nakanyaga mafuta injini inalia tu gari haiendi, kama mtu kaishika kwa nyuma. Nikaweka pembeni nikazima, nikachomoa dipstiki ya gia boksi, kile kijiti cha kupimia oili, imejaa. Nikafuta nikarudisha nikachomoa tena, imejaa vilevile. Nikajua basi shida sio oili, nikaendelea hivyohivyo mpaka Dodoma mjini nikiilazimisha.

Fundi akaniuliza kitu kimoja tu, ulipima imezimwa au inaunguruma? Akawasha, akakanyaga breki akapitisha gia zote taratibu P, R, N, D mpaka L akarudisha P, injini ikiunguruma taratibu bila kukanyaga mafuta akachomoa. Ncha tu ndo imelowa! Kumbe ukizima, oili ya kwenye torki konveta (ile inayounganisha injini na gia boksi) na ile inayopita kwenye rejeta kupozwa inashuka kwenye sampo, yaani beseni la chini la gia boksi, kijiti kinakuonyesha imejaa wakati haitoshi. Mpira wa kwenda kwenye rejeta ulikuwa unavuja pale kwenye klipu, kidogo kidogo, vumbi limegandia pale limekuwa tope jeusi na mimi napita naliona kila siku. Klachi za ndani zilishaungua, gia boksi ikafunguliwa.

Nyie yamewakuta yapi?

Mzee wa Shelui:
Pole sana mkuu. Yangu ni kinyume, mimi nilijaza ikazidi. Asubuhi gari ya baridi nikawasha nikapima, nikaona iko chini ya alama ya HOT (ya oili ikiwa moto) nikaongeza mpaka ikafika. Sasa oili ikipata moto inatanuka, napanda Sekenke kurudi Singida nasikia harufu ya kuungua, moshi unatokea chini, kumbe imezidi mpaka imefanya povu na inatokea kwenye tundu la kupumulia inadondokea kwenye ekzosi. Povu halina nguvu ya kusukuma gia, kwahiyo ikizidi inaslipu, yaani injini inalia gari haivuti, vilevile kama ikipungua, hili watu hawalijui. Fundi aliingiza mpira mwembamba palepale pa dipstiki akanyonya na bomba la sindano, karibu lita nzima.

Siku hizi naendesha kwanza dakika 20, natafuta sehemu tambarare kabisa, nafuta vumbi pale juu kabla sijachomoa. Na kitambaa kisiwe cha kuacha nyuzi, vile vinjia vya ndani ni vidogo mno. Kuongeza ni robo lita halafu unapima tena.

Mama Alizeti Nzuguni:
Jamani na rangi muangalie, sio kiwango peke yake. Nzima ni nyekundu inapitisha mwanga. Ikiwa kahawia nzito na inanuka kuungua, klachi zinaisha. Ya kwangu nilifuta kwenye tishu nyeupe ikatoka kama maziwa yaliyotiwa rangi ya pinki, nikapigia fundi akaniambia zima hapohapo usisogee. Rejeta ilitoboka kwa ndani maji yakaingia kwenye gia boksi. Nilivutwa kwa kamba mpaka gereji ila gia boksi ilipona, kwa sababu sikuendesha.

Dereva Bahi:
Za kisasa nyingine hazina dipstiki kabisa, kama yangu. Inanyanyuliwa ikae sawa, injini inaunguruma, mashine inasoma joto la oili, likifika pale kitabu kinaposema ndo plagi (kizibo cha gia boksi) inafunguliwa na oili inatakiwa idondoke kidogo tu. Fundi akikwambia anajaza kwa kukadiria ondoka. Na oili yenyewe usichanganye, oili za Toyota aina ya T-IV na WS sio kitu kimoja japo zote nyekundu.

Kijana wa Kondoa:
Wakuu naomba kuuliza, sasa alama ya COLD (ya baridi) kwenye kijiti kazi yake nini kama lazima ipate moto?

Karanga za Mpwapwa:
Mdogo wangu hiyo ni ya kukadiria, hasa umetoka kumwaga oili na kuweka mpya, unaweka ifike hapo ndo uende barabarani. Ukirudi imepata moto unapima HOT, hiyo ndo unayoiamini. Soma na kitabu cha gari yako maana kuna zinazopimwa kwenye N, na Honda wao wanapima imezimwa. Yako gari gani na inafanyaje?

Kijana wa Kondoa:
Hilux ya zamani kaka, asubuhi nikiweka R inakaa kama sekunde tatu ndo inashika.

Karanga za Mpwapwa:
Usiipakie mzigo kwanza. Ipashe moto uipime jioni hii hii, halafu piga tochi kwenye ile mipira ya kwenda rejeta, utuletee majibu hapa.