Kutoa kucha za akriliki nyumbani kabla ya kuripoti kiwandani, naombeni msaada

Binti_Igombe

Habari zenu wapendwa. Niko Igombe, Mwanza. Nilibandikwa kucha za akriliki kwa ajili ya sendofu ya dada yangu, ndefu na zina mawe. Sasa nimepata kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, naripoti Jumatatu, na tumeshaambiwa: kucha za bandia hapana, rangi hapana, kucha ziwe fupi na safi. Saluni wananitajia bei ya kutoa ambayo kwa sasa siimudu.

Hapa nyumbani kila mtu ana lake. Shoga yangu anasema nipitishe uzi wa meno kwa chini nizinyanyue. Mama anasema niloweke kwenye maji ya moto na chumvi. Halafu ukucha wa kidole cha kati umeachia upande mmoja, na wiki yote nimekuwa namsaidia mama kuosha na kuanika dagaa, kwa hiyo maji yanaingia. Nikichungulia pembeni naona ukijani. Hauumi. Ninayo dawa ya kutolea rangi, ile ya waridi. Itafaa?

Fundi_Nyegezi

Hongera kwa kazi mdogo wangu. Uzi wa meno weka kando kabisa. Akriliki imeng'ang'ania ukucha wako wenyewe, ukiinyanyua kwa nguvu inaondoka na tabaka zake za juu. Wasichana wanakuja kwangu na kucha laini kama karatasi iliyolowa, wanadhani ni akriliki imewaharibu, kumbe kilichowaharibu ni kule kung'oa. Maji ya chumvi ya mama yanasaidia zile za kubandika kwa gundi nyepesi, siyo hizi.

Soma hiyo chupa. Kama imeandikwa haina asetoni, itatoa rangi tu. Nunua asetoni yenyewe duka la vipodozi, pamoja na pamba, karatasi ya foili, tupa ya kucha na kijiti cha mbao. Vaseline najua ipo nyumbani. Na ufanye Jumamosi mchana, usingoje Jumapili usiku, kwa sababu haraka ndiyo inayowafanya watu wavute.

Kaa barazani upepo wa ziwa upite. Mvuke wa asetoni unadaka moto upesi sana, kwa hiyo mbali na jiko la mkaa, gesi na kibatari, na asiwepo mtu wa kuvuta sigara karibu. Usiimimine kwenye kikombe cha plastiki, kuna plastiki zinayeyuka. Tumia bakuli la kioo, na watoto wasisogee.

Kata urefu kwanza, taratibu, hasa huo ulioachia. Toa mawe. Kisha piga tupa juu mpaka ule mng'ao wote uishe na akriliki ibaki nyembamba, ila usifike kwenye ukucha wako. Hapa ndipo wengi wanaruka, halafu wanalalamika asetoni haifanyi kazi. Paka Vaseline kwenye ngozi kuzunguka ukucha. Pamba iwe saizi ya ukucha tu, ichovye, iweke juu, zungushia foili uibane. Fanya mkono mmoja kwanza ubaki na mwingine wa kufanyia kazi.

Baada ya dakika 20 fungua kidole kimoja tu uangalie. Ikiwa imekuwa kama ujiuji, sukuma kwa kijiti kuelekea ncha ya kidole. Ikigoma, usikwangue: pamba mpya, foili tena, dakika 10 nyingine. Akriliki nene inaweza kupita nusu saa na hakuna ubaya. Ukisikia ngozi inaunguza, toa, nawa kwa sabuni, pumzika.

Mama_Kisesa

Fundi, mimi zangu nilifunga foili mpaka nikachoka, hazikulainika hata kidogo. Zilikaushwa kwenye taa.

Fundi_Nyegezi

Dada, za taa ziko aina mbili. Rangi ya jeli ya kawaida inalainika kwa asetoni, mara nyingi ndani ya robo saa. Ila kuna jeli ngumu ya kujengea ukucha, hiyo asetoni haiiwezi, inapunguzwa kwa tupa tu. Kama ni hiyo, nenda kwa fundi mwenye mkono mwepesi, au ipunguze iwe nyembamba kisha uache ukucha ukue nayo ukiikata kidogo kidogo.

Na hata akriliki kuna inayogoma. Ipo kemikali inaitwa methyl methacrylate, ni rahisi bei, inakuwa ngumu mno na harufu yake inachoma pua. Marekani waliichukulia hatua tangu miaka ya 1970 baada ya watu kuumia kucha na ngozi. Mtu akikubandika kitu chenye harufu ya hivyo, muulize chupa yake, na akikataa kukuonyesha, ondoka.

Nesi_Ilemela

Binti, huo ukijani ukiuona vizuri baada ya kutoa, usiufunike kwa rangi wala kubandika tena. Mara nyingi ni bakteria wanaoitwa Pseudomonas, wanapenda mahali penye unyevu palipoachia, na siyo fangasi, kwa hiyo usikimbilie dawa ya fangasi ya dukani. Kata sehemu iliyoachia, osha, kausha vizuri kila ukilowa, vaa glavu ukiosha dagaa. Doa lenyewe linaweza kubaki mpaka likue na ukucha. Ukiona uvimbe, usaha, maumivu au ukucha unaendelea kuachia, nenda kituo cha afya. Na kwa sababu unaenda kushika chakula, mwonyeshe msimamizi siku hiyo ya kwanza kabla hujaingia kwenye mstari.

Binti_Igombe

Asanteni sana. Nimemaliza leo mchana. Kidole gumba ndicho kilichonisumbua, nilirudia foili. Wa kati una doa la kijani upande wa kushoto, dogo kuliko punje ya mchele. Zilizobaki ni nyembamba, nikibonyeza zinapinda, na juu zina weupe. Nipake rangi ya kuimarisha?

Fundi_Nyegezi

Usipake, kwanza kiwandani watakurudisha. Huo weupe ni ukavu wa asetoni na makwaruzo. Paka mafuta ya nazi au alizeti kila usiku, sugua pale ukucha unapoanzia. Zikate fupi kabisa, ncha zipitishe tupa laini upande mmoja. Kucha za mkono zinakua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo hizo nyembamba utakuwa nazo karibu miezi sita mpaka zote zitoke. Wa kati usiutie mafuta pale palipoachia, uache mkavu kama nesi alivyosema.